Nimesafishwa meno kwa daktari, kumbe mswaki nilikuwa napiga tu

Mi ni mtu wa mswaki asubuhi na usiku, kwa hiyo siku naenda kusafishwa meno nilienda kifua mbele kabisa, najua naenda kusifiwa tu nirudi zangu. Nikakaa kwenye kiti, dada akachukua kichuma chembamba chenye alama za milimita akawa anakipitisha taratibu kati ya jino na ufizi huku anamtajia mwenzie namba, mbili, tatu, mbili, tatu, mi nimetulia, mara nikasikia tano. Halafu tano tena. Nikamuuliza mdomo ukiwa wazi hivohivo (alinielewaje sijui, hawa watu wana masikio yao) akanambia mpaka 3 hamna shida, kuanzia 4 kwenda juu ndo wanaanza kuhisi ufizi unaachia jino, na wangu ulikuwa unatoka damu kila akigusa.

Akanipa kioo nijionee. Nyuma ya meno ya mbele ya chini kuna ukoga mgumu kama ile chokaa inayoganda ndani ya birika, na mi miaka yote ulimi unapita pale najua ni jino! Kumbe mate yanatokea hapohapo chini ya ulimi, na madini ya mate ndo yanaugandisha ule utando laini tukiuacha, siku mbili tatu tu unaanza kukaza, na ukishakaza mswaki hauutoi tena, utasugua weee mwisho unaumiza fizi bure.

Kusafisha kwenyewe ni kale kamashine ka ncha inayotetemeka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, kelele yake kama mbu kaingia sikioni, maji yanaruka, kibomba kinanyonya mate. Maumivu? Meno mengi sikuhisi kitu, ila pale paliposoma tano nilikamata mikono ya kiti nikaomba ganzi, wakanipaka ya jeli tukaendelea.

Sasa malalamiko. Hakuna aliyenambia kwamba baadae meno yatakuwa yanashtuka kwa kitu cha baridi. Usiku nikanywa maji nikaruka, nikapitisha ulimi nikakuta mianya ambayo haikuwepo, nikajua tayari wamenikwangua jino. Nilipopiga simu ndo wananieleza ile mianya ilikuwepo ila ukoga uliijaza, na ule mshtuko unaisha wenyewe baada ya siku chache, na kweli uliisha. Si wangesema mapema! Halafu mlangoni wananiuzia kung'arisha meno, wakati hata sijauliza. Mjue tu kusafisha kunatoa ukoga na madoa ya juu, rangi ya jino lako inabaki ileile.

Kilichonifaa zaidi ni zile dakika tano za mwisho. Aliniambia nikae na mswaki wangu nipige mbele yake, akacheka. Brashi natakiwa kuilaza upande kuelekea pale ufizi unapoanzia, taratibu, dakika 2, na katikati ya meno nitumie vile vibrashi vidogo maana mswaki haufiki. Na nikimaliza niteme tu nisisukutue, mi nilikuwa nasukutua mara tatu nzima, naimwaga floridi yote, ile ya kwenye dawa ya meno inayokinga meno yasioze.

Akanambia nirudi baada ya miezi 3. Nikahisi naibiwa, si kila mtu anasema 6? Nikaenda kusoma, kumbe 6 sio sheria, hata Uingereza mwongozo wao wa kumwona daktari kwa watu wazima ni kuanzia miezi 3 mpaka 24, inategemea mdomo wako ukoje. Basi nikarudi, kichuma kikapita tena, tano moja imeshuka ikawa tatu, ya jino la mwisho imegomea nne, na damu ni kidogo sana.

Nawapa nyota 4. Ya tano nimewanyima kwa ajili ya ule usiku wa maji baridi.