Skuta ya 125 kwenye milima ya Mbeya: injini haina kosa, shida iko kwenye rola

Swali la kwanza kila skuta inapoegeshwa penye watu ni kama inapanda mlima, kwa hiyo tulimalize mapema. Skuta ya otomatiki ya cc 125, ikitoka dukani vilevile ilivyo, inapanda Mbeya kwa kulalamika. Ikibadilishwa rola za puli ya mbele na jeti ya kabureta (kitundu kinachopimia petroli), inapanda na abiria mmoja bila kukuaibisha mbele ya bodaboda. Dosari zake kubwa huku Nyanda za Juu Kusini ni mbili, na zote hazihusiani na kupanda: kushuka, na spea.

Tunayoipima hapa ni ile yenye injini ya GY6: silinda moja, inapozwa kwa feni, ina kabureta, inawaka kwa batani au kwa kiki. Asili ya injini hii ni Honda, lakini kwa miaka mingi sasa viwanda vya China na Taiwan vinaitoa kwa majina chungu nzima, kwa hiyo jina lililobandikwa ubavuni lisikusumbue sana. Soma namba ya injini. 152QMI ni cc 125, 157QMJ ni cc 150, 139QMB ni cc 50. Hiyo ya 50 mwachie mtu wa Kyela, kule tambarare karibu na ziwa.

Umbo lake ndilo linalouza. Unapita katikati bila kurusha mguu, unakaa kama umekaa kwenye kiti, miguu iko kwenye sakafu na ngao ya mbele inakukinga tope. Mwalimu aliyevaa sketi au muuguzi wa zamu ya alfajiri hafiki kazini na grisi kwenye nguo. Hilo lilikusudiwa tangu mwanzo. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyeichorea Piaggio skuta ya Vespa mwaka 1946, hakuzipenda pikipiki: aliziona chafu na zenye usumbufu. Akaondoa mnyororo, akaifunika injini kwa bati, akaleta gia kwenye mkono wa usukani, na gurudumu la mbele akalishika kwa upande mmoja tu, kama la ndege, ili pancha isimtese dereva. Vespa kwa Kiitaliano ni nyigu. Miaka miwili baadaye Piaggio ikatoa ya miguu mitatu, ikaiita Ape, yaani nyuki. Bajaj ya India ilitengeneza Vespa kwa leseni, na bajaji zinazojaa Kabwe na Mwanjelwa zimetoka kwenye ukoo huohuo. Anayesema skuta ni kitu cha wazungu wa Roma, basi kila siku anapanda binamu yake.

Umaarufu wake wa sinema ulianza mwaka 1953, Audrey Hepburn na Gregory Peck walipoonekana wakizunguka Roma juu ya Vespa. Vijana wa Uingereza wa miaka ya 1960, wale walioitwa Mods, wakaipamba kwa vioo na taa nyingi, na juu ya suti zao wakavaa makoti ya mtumba ya jeshi la Marekani ili upepo na mafuta visiwaharibie nguo. Ukiendesha skuta Mbeya saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Juni utawaelewa kabisa, na koti la aina hiyo pengine liko Mwanjelwa kwenye fungu.

Sasa rola. Skuta hii haina gia za kubadilisha wala mnyororo. Upande wa kushoto, ndani ya kifuniko kirefu, mna puli mbili na mkanda. Puli ya mbele ina rola sita. Injini ikizunguka haraka, rola zinatupwa nje, zinaibana puli, mkanda unapanda juu yake, na skuta inaingia gia ndefu. Rola nzito huwahi kufanya hivyo. Nyepesi huchelewa na kuiacha injini kwenye mzunguko wenye nguvu. Kiwandani huwekwa uzito wa kufaa barabara ya tambarare isiyo mbali na usawa wa bahari. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi. Hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya sita, na nguvu ya injini imepungua nayo. Rola hazijui hilo: zinaipa skuta gia ndefu wakati injini haina pumzi ya kuivuta. Ndiyo maana utaiona ikitoka Mafiati kupanda mjini inanguruma nzito, huku mtu wa baiskeli pembeni anaitazama.

Dawa ni kupunguza gramu 1 hadi 1.5 kwa kila rola. GY6 za 125 na 150 hutumia rola za milimita 18 kwa 14. Vipimo hivyo visiguswe, badilisha uzito tu. Kama zilizomo ni za gramu 12, weka za 11 au 10.5, zote sita kwa pamoja. Ukizidisha ukaweka za 8, injini itapiga kelele kama mashine ya kusaga, spidi ya juu itaanguka na tanki litakauka haraka.

Kazi yenyewe ni ya saa moja. Boliti za kifuniko zinafunguka kwa soketi ya 8. Zipange kwa mfuatano kwenye kipande cha boksi kwa sababu urefu wake haulingani. Nati ya puli ya mbele ifunguliwe kwa kishikio cha puli au mashine ya upepo. Fundi anayechomeka bisibisi kwenye mapezi ya feni ili puli isizunguke, mwambie aache, maana mapezi yakikatika puli inatetemeka na mkanda unakosa upepo. Toa rola, futa vumbi jeusi, angalia kama zimechongeka bapa upande mmoja. Usipake grisi. Grisi ikifika kwenye mkanda, unateleza.

Kosa linaloua skuta nyingi hutokea wakati wa kurudishia. Mkanda ukiwa umebana mbele, uso wa nje wa puli hauingii hadi mwisho kwenye meno ya shafti, lakini nati inakaza vizuri tu na fundi anaona kazi imeisha. Baada ya siku chache mkanda unakaa, nati inalegea, meno yanasagika, na hapo unazungumzia kubadilisha krenki. Kwa hiyo kwanza fungua puli ya nyuma kwa mikono, usukume mkanda uzame ndani yake mpaka ulegee kabisa mbele, ndipo uvalishe uso wa puli na uhakikishe meno yanaonekana yameingia kabla ya kukaza.

Mkanda nao una namba mgongoni. Wa injini fupi huwa 743-20-30, wa injini ndefu 842-20-30. Ukiagiza kwa kukisia utapata usioingia. Ile 20 ni upana kwa milimita. Ukipima ukakuta 19, agiza mwingine. Ukiwa 18 usitoke nao nje ya mji. Kwa milima ya huku, fungua ukague kila kilomita 5,000. Ukikatika njiani hakuna cha kuunga, na skuta haisukumiki kupanda Isyonje.

Kabureta ni hadithi ya hewa hiyohiyo. Hewa imepungua, petroli imebaki ileile, mchanganyiko unakuwa mzito: plagi nyeusi yenye masizi makavu, harufu ya petroli, ulaji unapanda. Shusha jeti kuu hatua moja, kama ni 100 jaribu 95, uendeshe siku mbili kisha uitoe plagi uitazame. Rangi ya kahawa ya maziwa ndiyo unayoitafuta. Ukishusha mno injini inapata joto kali, na plagi itakuja nyeupe. Anayeshuka Kyela au Dar es Salaam na jeti ya Mbeya airudishe ya zamani, ndiyo maana haitupwi.

Asubuhi ya baridi kuna kifaa kingine cha kukijua, chok ya umeme iliyo ubavuni mwa kabureta. Inaongeza petroli injini ikiwa baridi, kisha inapata joto la umeme na kuifunga njia ndani ya dakika chache. Waya wake ukichomoka, njia haifungiki tena na skuta inakunywa petroli siku nzima. Mafundi wengi huhangaika na kabureta wiki nzima kwa sababu ya waya huo mmoja. Na kama betri ni chovu, usiiue kwa batani alfajiri, piga kiki.

Oili ya injini ni takribani lita 0.8. Lakini kuna oili ya pili, mililita kama 110 za 80W-90 kwenye gia za gurudumu la nyuma, na fundi aliyezoea Boxer hajui kama ipo, kwani pikipiki yake ina mnyororo. Mwonyeshe tundu lake. Valvu zipimwe injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.10, zikibana, skuta inawaka kwa shida na inazima kwenye taa.

Tuje kwenye kushuka, ambako hatuna cha kuisifia. Bodaboda anashuka Iwambi kwa gia ya pili, injini inamshikilia. Skuta haina gia ya kushusha. Ukiachia mafuta kabisa na mwendo ukapungua, klachi yake inajiachia yenyewe na unabaki unateleza kama uko kwenye baiskeli, uzito wote ukiwa kwenye breki. Za bei nafuu zina breki ya bakuli nyuma, nyingine hadi mbele. Ukiishikilia muda mrefu inapata moto, inalainika mkononi, na nyuma yako kuna semi-treila ya Tunduma. Shuka ukiwa umeshika mafuta kidogo tu, klachi iendelee kung'ata. Bana breki kwa nguvu kwa muda mfupi, achia ipoe, bana tena, mbele na nyuma kwa pamoja. Yenye diski mbele inastahili nyongeza ya bei bila kubishana. Kuipeleka Mlima Nyoka au Kitonga na abiria pamoja na mzigo ni kuitaka kazi isiyo yake.

Barabara za vumbi inazimudu kwa shingo upande. Gurudumu la inchi 10 linazama kwenye shimo ambalo la inchi 17 linaruka. Ukiweza pata ya inchi 12. Kiangazi, sponji ya filta ioshwe kila wiki mbili kwa sabuni, ikauke, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Masika ya Tukuyu usivuke kijito maji yakifika sakafuni, kwa maana yanaingia kwenye mkanda na skuta inanguruma bila kwenda. Fungua kifuniko, kausha, endelea. Tope likiziba njia ya feni nalo liondolewe siku hiyohiyo.

Mzigo ni utamu wake. Sakafu inabeba debe la viazi au kiroba cha mchele wa Kyela katikati ya miguu, chini, bila kuivuruga mizani, ilimradi usukani unageuka hadi mwisho pande zote. Chini ya kiti panaingia koti la mvua na mkoba. Kuhusu ulaji, kilomita 35 kwa lita ni matarajio ya haki ukiwa na milima. Anayekuahidi 50 anauza.

Spea ndiyo kero iliyobaki. Ya Boxer au TVS unaipata kila kona kuanzia Uyole hadi Mbalizi. Mkanda au rola za skuta mara nyingi unasubiri ziletwe na basi kutoka Kariakoo. Kwa hiyo siku ya kununua skuta, nunua na mkanda mmoja, seti ya rola, plagi ya C7HSA na viatu vya breki, uviweke nyumbani. Mtu wa kuabiria watu kutwa nzima, au anayeishi Makete na kushuka mjini kila wiki, achukue pikipiki ya gia. Kwa anayezunguka Forest, Soweto na Sokomatola, au Iringa kati ya Ipogolo na mjini, tunaipa alama saba kwa kumi, na mbili kati ya tatu zilizokosekana ni za breki.

Ukikagua iliyotumika, iweke kwenye stendi ya kati, iwashe ikiwa baridi, iache iungurume bila kushika mafuta. Gurudumu la nyuma likizunguka kwa nguvu, jaribu kulisimamisha kwa breki. Injini ikizima au ikilegea sauti, springi za klachi zimekufa au sailensa (mzunguko wa injini bila kushika mafuta) imepandishwa ili kuficha valvu zilizobana. Mwombe muuzaji afungue boliti za kifuniko uone mkanda. Akisema zimeshika kutu, ina maana hazijawahi kufunguliwa.