Fatileki ya Alhamisi kule Iten: nani aende, na aikimbie vipi

Kila Alhamisi mnamo saa tatu asubuhi, wakimbiaji hukusanyika kwenye njia panda ya udongo nje kidogo ya mji wa Iten, kaunti ya Elgeyo-Marakwet, Kenya, kukimbia fatileki, yaani zoezi la kupokezana vipindi vya kasi na vya kulegeza bila kusimama. Hakuna kiingilio wala kujiandikisha. Siku za watu wengi kundi hupita mia moja, mwenye medali na mgeni wakisimama bega kwa bega. Kwa anayetaka kujenga kasi bila uwanja, zoezi hili ni zuri mno, na tunalipendekeza kwa moyo wote, mradi ajue mitego yake.

Kabla ya kuondoka hutajwa mpango wa siku: moja-moja, mbili-moja au tatu-moja. Namba ya kwanza ni dakika za kasi, ya pili ni dakika za kulegeza. Moja-moja mara 20 ni dakika 40. Mbili-moja mara 20 ni saa nzima, na hiyo si ya mgeni. Saa za mikononi hulia karibu kwa pamoja, kundi linafyatuka, zikilia tena linalegea. Hakuna anayehesabu mita. Na hapo ndipo utamu ulipo: dakika moja hukukuta mlimani, inayofuata hukukuta kwenye mteremko wenye mawe, kwa hiyo namba ya kasi kwenye saa haikuambii lolote la maana. Unabaki na pumzi na miguu yako. Mkimbiaji aliyezoea kupima kila kilomita hujifunza hapa kusikiliza juhudi badala ya kufuata kioo.

Kasoro yake ni kwamba saa bado inatawala. Fatileki ilivyobuniwa na kocha Gösta Holmér huko Uswidi miaka ya 1930, kwa ajili ya timu ya mbio za nyika, haikuwa na kengele. Jina lenyewe kwa Kiswidi ni mchezo wa kasi. Ya Iten ni mchezo nusu. Na nusu hiyo inatoka kwenye vilima.

Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na ya Mombasa, kwa hiyo anayetoka pwani asiende Alhamisi ya wiki yake ya kwanza. Akimbie taratibu kwa siku saba hadi kumi kwanza. Kosa la pili ni kusimama mbele. Walio mbele huanza kwa mwendo ambao mkimbiaji wa kawaida hauwezi hata kwa mita 400, na katika mwinuko huu ukishazidiwa pumzi mara moja, dakika moja ya kulegeza haitoshi kuirudisha. Simama nyuma kabisa. Pasha mwili kwa dakika 15 za mwendo mwepesi, kimbia mizunguko mitatu ya kwanza (mzunguko ni kipindi cha kasi na cha kulegeza kwake) ukijizuia waziwazi, kisha jipime: kipindi cha kulegeza kikikaribia kuisha, je, unaweza kusema sentensi nzima? Kama huwezi, punguza. Kama kundi linakuacha, ruka mzunguko mmoja kati ya miwili, zoezi halijaharibika. Ila kulegeza kusiwe kutembea. Kukimbia polepole huku ukitulia ndiyo kazi yenyewe.

Kwenye mteremko fupisha hatua. Wengi hujiachia, na mapaja huwauma hadi Jumamosi.

Jambo dogo lenye usumbufu mkubwa: njia haizunguki kila mara hadi pale mlipoanzia. Ukiachwa peke yako kati ya mashamba ya mahindi, uwe na hela kidogo mfukoni ya bodaboda, na maji uyanywe kabla, maana njiani hayagawiwi. Mvua za masika zikinyesha, udongo mwekundu hugandamana na soli hadi kiatu kinakuwa kizito kama tofali. Viatu vyenye meno yaliyoachana huachia tope vizuri kuliko vyenye soli bapa. Kiangazi shida ni vumbi la kundi, sababu nyingine ya kukaa nyuma hatua chache, au pembeni upande upepo unakotoka.

Anayetaka mchezo kamili achukue barabara hizohizo siku ya Jumatatu au Jumanne, peke yake au na mwenzake mmoja. Saa ifunikwe kwa mkono wa shati. Baada ya dakika kumi nyepesi, chagua alama: mkaratusi ule, geti la shamba, kichwa cha kilima. Kimbia kasi hadi hapo, legeza mpaka pumzi itulie, chagua nyingine. Vipindi nane hadi kumi na viwili ndani ya nusu saa vinatosha, vya sekunde 20 mpaka dakika tatu, na visifanane. Kinachoharibu zoezi hili ni kugeuza kila kipindi kuwa mbio za mita 100: kufikia cha tano miguu imekwisha. Kirefu kiwe cha mwendo wa mbio za kilomita kumi, kifupi ndicho cha kufyatuka. Mkiwa wawili, mpokezane kuchagua alama, na ikishatajwa isisogezwe, hata kama nyuma yake mlima unaendelea.