Brother PE800 baada ya mwaka na miezi minne: usihesabu maua, pima fremu

Jamani kila nikiweka picha ya foronya kwenye stetasi naulizwa maswali yaleyale, mashine gani hiyo, inadarizi kofia, na mimi naweza kuanza na ile ndogo? Leo naandika yote hapa, mtu akiniuliza tena namtumia hii. Mashine yangu ni Brother PE800, niko nayo Mbagala, kazi zangu kubwa ni majina ya watoto kwenye masweta na mabegi ya shule, foronya na mashuka ya maharusi, taulo, na ikikaribia Ramadhani vitambaa vya kufunikia futari. Sijapewa na mtu niisifie, niliinunua kwa hela ya mchezo, tena zamu yenyewe nilibembeleza nipewe ya pili.

Kwanza kabisa HAISHONI. Nasema kwa herufi kubwa maana dada mmoja alikuja kwangu na yake, mpya kabisa, anauliza mguu wa zipu unawekwa wapi. Hii ni ya kudarizi tu basi. Ukitaka inayofanya vyote viwili kuna SE1900, yenyewe fremu (kile kibano kinachoshika kitambaa kikidariziwa) ni saizi ileile, na kuna SE600 ambayo fremu yake ndogo. Mi nilikuwa na Butterfly ya miguu ya mama kwa hiyo sikuona haja ya kulipia cherehani nyingine, na kusema kweli raha yake ndo hiyo, PE800 ikiwa inahangaika na ua la shuka mi niko pembeni napinda pindo. Yenye vyote ikiwa inadarizi inabidi ukae uiangalie tu.

Sasa fremu. Muuzaji yeyote atakwambia ina maua 138 ndani, yaani michoro iliyowekwa tayari, na kweli yapo 138, nimeyahesabu nikiwa sina kazi. Katika hayo nimetumia labda tisa. Wateja wangu hawataki maua ya kwenye mashine, wanataka jina la mtoto, nembo ya shule, au picha waliyoiona kwa jirani, na hivyo vyote vinatoka nje kwa flashi. Kwa hiyo maua ya ndani yawe 80 au 500 hayakuingizii hata mia, ila fremu ndo inayoamua kazi gani uipokee na ipi uikatae. PE800 inadarizi eneo la sentimita 13 kwa 18. Zile ndogo kama PE535 na SE600 ni 10 kwa 10. Unaweza kuona tofauti ni ndogo, mpaka aje mama mwenye mtoto anaitwa Abdulrahman. Herufi 11! Kwenye sentimita 10 kila herufi haifiki hata sentimita moja upana, kwenye sweta la sufi inamezwa na manyoya hata husomi. Kwenye 18 unaligeuza jina likae kwa urefu, kila herufi inapata sentimita moja na nusu na kidogo, linasomeka mtoto akiwa ng'ambo ya barabara.

Afu kuna mtego hapa, mtandaoni utaona wanauza fremu ndefu za kuongezea, wanasema mashine yako ndogo itakuwa kubwa. Haiwi kubwa. Mkono wa mashine unatembea palepale ulipotengenezewa kutembea, hiyo fremu ndefu inakusaidia usitoe kitambaa mara nyingi tu, na ua lenyewe inabidi ulikate vipande kwenye kompyuta afu uhamishe fremu kwa hatua. Inawezekana, ila usinunue ndogo kwa kutegemea hilo.

Kitu cha pili ni umeme, na hapa kuna mambo mawili tofauti. La kwanza, nyingi ya hizi PE800 zinazouzwa huku zimetoka Marekani, huko umeme wao ni 120, wetu ni 230. Pindua mashine usome kile kibandiko kwa macho yako kabla hujachomeka, usisikilize mdomo wa mtu. Muuzaji wangu alinihakikishia "hii inakula umeme wowote dada", nikasema ngoja nisome, kibandiko kinasema 120V. Alivyoona nimeshika kibandiko akakumbuka ghafla kwamba kuna transfoma yake anauza pia. Nikanunua transfoma ya kushusha umeme kwingine kwa hasira, inanguruma usiku kama paka lakini kazi inafanya. Ukipata ya 220 mpaka 240 chukua hiyo hata kama imezidi bei kidogo.

La pili ni kukatika. Hakuna tangazo nimeona linasema hili na mimi naliweka juu ya vyote, ukiwa katikati ya kazi umeme ukikatika, hii mashine inakumbuka ilipofika. Ukirudi unawasha, inakuuliza uendelee au ufute, ukisema endelea inakurudisha kwenye rangi ileile karibu na mshono uleule. Mi hurudisha nyuma mishono kumi hivi ili zipandane, kuna vitufe vya kurudi mshono mmoja mmoja, kumi kumi au mia mia, halafu naachia. Ukiangalia kwa karibu sana utaona panapounganika, mteja haoni. Sharti moja tu, USIGUSE kitambaa kwenye fremu umeme ukiwa haupo. Mara ya kwanza ulipokatika nikakitoa kitambaa nikiangalie vizuri dirishani, nikakirudisha kwa kukadiria, jina la bibi harusi likawa kama limeandikwa na watu wawili waliogombana. Shuka lile, mpaka leo nalalia mimi.

Kwa hiyo ukienda dukani swali la kwanza muulize ikizimika inaendelea? Akikuangalia tu, omba aiwashe, aanzishe ua, achomoe waya kwenye soketi, awashe tena, uone mwenyewe.

Herufi. Humo ndani kuna fonti 11, ila usifurahi, saba ndo herufi zetu hizi, tatu ni za Kijapani na moja ni ya Kirusi. Kiarabu HAKUNA. Sisi wa pwani huku hilo ni jambo, nusu ya oda zangu za Ramadhani ni Bismillah. Nililitatua kwa kompyuta, kuna programu ya bure inaitwa Ink/Stitch inakaa ndani ya Inkscape nayo ya bure, unachora hayo maandishi, unaiambia upande gani mishono ielekee, inakutolea faili la PES ambalo Brother inalisoma. Ilinichukua wiki tatu kuielewa na nilitaka kulia, mishono ya chini ya kushikilia kitambaa sikuiweka, maandishi yakavuta kitambaa kikajikunja kama karatasi ya maandazi. Ila ukishaelewa unakuwa hutegemei mtu. Na tafadhali wateja wangu mkisoma hapa, picha ya WhatsApp sio faili la darizi! Mashine haioni picha, inasoma njia ya sindano, mtu lazima aichore hiyo njia, ndo maana nembo ya shule nachaji kuichora mara ya kwanza na sweta zinazofuata bei inashuka. Na nembo za Simba na Yanga msiniombe, zile zina wenyewe.

PE800 inasoma na DST, lile faili linalotumiwa na mashine kubwa za viwandani. Mtu akikutumia nembo ya DST usishtuke kwenye kioo ukiona rangi za ajabu, faili hilo linajua tu mahali pa kubadili uzi, halijui ni uzi gani. We fuata karatasi yako ya mpangilio wa rangi.

Spidi wanasema mishono 650 kwa dakika. Ni kweli, lakini sindano ni moja, kila rangi unasimama unatoa uzi unaweka mwingine. Ua la mishono 12,000 kwa hesabu ni dakika 18 na ushee, likiwa na rangi saba mi linanichukua karibu dakika 40 na chai imepoa. Kuna kamkono kanakoingiza uzi kwenye tundu la sindano kenyewe, mwanzo nilikadharau, sasa hivi kakiharibika nafunga biashara, macho yangu sio ya kuchungulia tundu mara saba kwa kila ua.

Kisichonifurahisha ni nyuzi za kurukia. Ikimaliza herufi moja kwenda nyingine inavuta uzi juu ya kitambaa, na PE800 haiukati katikati ya rangi, unakata wewe na mkasi mdogo wenye ncha iliyopinda. Jina fupi sio neno, lakini nembo yenye nyota kumi na mbili utazikata mpaka uone kizunguzungu. Mdogo wake aliyetoka baadaye, PE900, hizo anazikata mwenyewe, na anapokea maua kwa waifai bila flashi. Waifai sina shida nayo. Mkasi ndo ungenifanya niongeze hela kama ningekuwa nanunua leo.

Uzi nunua wa polista ule wa darizi namba 40, sio wa reyoni, hasa kazi za shule. Reyoni inang'aa vizuri zaidi ila akina mama tunaloweka sare kwenye jiki, wiki ya pili nembo imepauka na lawama zinakuja kwako. Uzi wa chini, wa kwenye bobini, ni mwembamba zaidi, mweupe, ukiweka huu wa kawaida wa cherehani chini kazi inakuwa ngumu kama kadibodi. Na vibobini vya chuma vya Butterfly visikaribie kabisa, hii inataka vya plastiki vyenye kimo cha milimita 11.5. Sindano 75/11, badilisha kabla haijakatika.

Afu kile kitambaa cheupe kama karatasi kinachowekwa chini, kinaitwa stabilaiza. Nilienda Kariakoo nikaulizia stabilaiza, kijana akanishika mkono kwa heshima zote akanipeleka mpaka duka la mafriji, nikaonyeshwa ile ya kulinda umeme, wati elfu moja. Nikacheka peke yangu mpaka kwenye daladala. (Na hiyo ya umeme nayo niliishia kuinunua baadaye.) Waonyeshe kipande, usitaje jina. Kwa kitambaa kisichovutika kama kitenge au shuka weka kile kinachochanika, kwa tisheti na sweta weka kile kinachobaki humo ndani na kukatwa pembeni kwa mkasi, ukichana kwenye tisheti jina linaanza kutambaa likifuliwa. Taulo weka juu kile cha plastiki kinachoyeyuka kwa maji, la sivyo mishono inazama. Nilijaribu gazeti kama wengine wanavyoshauri, linachanika kabla ua halijafika nusu na wino unabaki kwenye kitambaa cheupe.

Tisheti za fomu siksi nazo zina adabu yake. Hii mashine ina meza bapa, haina mkono wa kuvalisha nguo kama zile kubwa, kwa hiyo mgongo wa tisheti unaukusanya pembeni unaubana na vibanio vya nguo. Nilisahau mara moja. Nembo ikatoka safi kabisa, imeshona kifua na mgongo pamoja, mwenye nguo akasema labda tungeiuza kama begi.

Je inalipa? Jina dogo nachukua elfu tatu, linaisha ndani ya dakika kumi ukijumlisha kufunga fremu. Januari shule zikifunguliwa na msimu wa harusi silali, Mei na Juni nakaa naangalia mashine inaniangalia. Sare za shule nzima sichukui, sweta mia mbili kwa sindano moja ni kujitafutia presha, wapelekee wale wenye mashine za vichwa vingi. Na shingo ya dera au gauni la kitenge, nenda kwa fundi wa zigizaga, yule anayezungusha fremu kwa mikono, anamaliza shingo nzima mi bado natafuta faili.

Sasa kofia, maana najua ndo mnaisubiri. Kapelo zilizokwishashonwa hapana, paji ni la mviringo na meza ni bapa, zile zinataka mashine yenye fremu ya kofia. Kofia zetu za kiislamu ukizidarizi bado hazijashonwa inawezekana, kile kipande cha juu cha duara kinaingia, kama ua lake halizidi sentimita 13. Tatizo ni ule mkanda wa pembeni, kichwa cha mtu mzima ni kama sentimita 57 na fremu yangu inaishia 18, ina maana unafunga na kufungua mara nne na kila mara ua likutane na mwenzake bila kupishana hata uzi mmoja. Nimejaribu mbili. Moja mume wangu anaivalia nyumbani tu, nyingine nimeificha. Vile vitundu vya kofia ya kiua vya mkono ndo kabisa sivigusi, mzee wa kofia pale mtaani aliishika ile yangu, akaigeuza ndani nje, akanirudishia bila kusema neno. Kwa hiyo kofia bado sidarizi, msiniletee.