Mabwawa ya jiji kiangazi kikielekea ukingoni: uzoefu wangu

Joto linapopamba moto kila mtu hukumbuka kwamba jiji lina mabwawa ya kuogelea. Likianza kulegea, wengi huyasahau. Mimi huyangojea wiki hizo za mwisho, shule zikikaribia kufunguliwa na jua la asubuhi likiwa halichomi tena. Ukiniuliza ni huduma gani ya jiji inayonifanya nisinung'unike ninapokatwa kodi, nitataja hii kwanza, kasoro zake nikiwa nazijua.

Nianze na maji. Bwawa la nje la mita 50 limenyonya jua kwa miezi mizima, na maji mengi kiasi kile hayapoi haraka kama hewa inavyopoa. Unafika alfajiri umevaa sweta, unajitumbukiza kwa hofu, unakuta maji ni vuguvugu. Baridi inakusubiri nje. Ukipanda ngazi, maji yaliyobaki mwilini yanageuka mvuke na kuchukua joto la ngozi yako, na upepo mdogo tu unatosha kukugonganisha meno. Taulo iache ukingoni karibu na ngazi, usiifungie kabatini. Kwa anayeogelea masafa marefu, maji ya sasa ni bora kuliko yale ya katikati ya msimu. Mashindano huogelewa katika maji ya nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi. Yakizidi sana hapo, uso unawaka na pumzi zinakuishia mapema.

Halafu kuna nafasi. Siku za joto kali, kuogelea kule ni kukwepa vichwa vya watu tu. Sasa kamba za kugawa njia zimerudishwa, na mnaogelea kwa mzunguko: unakwenda upande mmoja wa njia, unarudi upande wa pili. Mtu wa nyuma akikugusa unyayo hajakuchokoza, anaomba kupita. Ukifika ukutani simama kwenye kona, umwachie. Wapo wasioujua utaratibu huu wakasimama katikati wakipiga soga, na sijaona kibao chochote kinachowaelekeza.

Klorini ndiyo inayolalamikiwa kuliko kitu kingine chochote, na mara nyingi inasingiziwa. Ukisikia harufu kali ikikukaba koo, utasikia pia watu wakisema, "Leo wamemwaga klorini nyingi." Kwa kawaida harufu ile inatokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho, mkojo na uchafu wa ngozi zetu, ikawa kloramini. Hizo ndizo zinazowasha macho. Bwawa linalonuka sana huenda limepungukiwa na klorini ya kufanya kazi. Jua nalo huivunjavunja, kwa hiyo bwawa la nje lenye watu wengi mchana kutwa linahitaji kupimwa mara kwa mara. Kujimwagia maji kwa dakika moja kabla ya kuingia hupunguza sehemu kubwa ya uchafu huo, lakini mabomba yale wengi huyapita kana kwamba ni mapambo.

Mimi nina kipimo changu kisichohitaji kifaa. Nasimama ukingoni upande wenye kina kirefu na kutazama chini, pale kwenye wavu wa bomba la kutolea maji. Nikiuona vizuri, pamoja na mistari ya vigae, naingia. Nisipouona siingii, kwa sababu kama mimi siuoni wavu, mwokoaji naye hatamwona mtu aliyezama. Kuna bwawa moja nililolifikia baada ya sikukuu iliyokusanya umati, maji yamefifia kama tui la pili, na mlangoni watu wanaendelea kuruhusiwa. Nilipomuuliza mhudumu alinijibu kwamba pampu inafanya kazi. Huenda ilikuwa ikifanya kazi kweli, lakini chini hakukuonekana kitu. Niligeuza nikaenda zangu.

Jambo jingine ambalo waogeleaji hawapendi kuambiwa ni hili: mwenye kuhara akae nyumbani, na mtoto wake vilevile. Kimelea kiitwacho kriptosporidiamu kinaweza kuishi zaidi ya siku 7 katika maji yaliyotiwa klorini kwa kiwango cha kawaida, na kumeza maji kidogo tu kunatosha kukuambukiza.

Vyumba vya kubadilishia nguo ni vya kuvumilia. Nenda na kufuli lako na ndala zisizoteleza.

Kasoro kubwa ya msimu huu ni ratiba. Waokoaji wengi ni wanafunzi, na masomo yakianza wanaondoka. Hapo ndipo saa zinapokatwa, upande wa kina kirefu unafungwa, au bwawa zima linafungwa siku ambayo hukuitarajia. Kupunguza saa naelewa. Bora bwawa lifungwe kuliko liachwe bila macho. Nisichoelewa ni kwa nini tovuti iseme hivi, karatasi iliyobandikwa langoni iseme vile, na simu ilie hadi ikatike yenyewe. Kwa sababu hiyo tu naipa huduma hii nyota nne badala ya tano.

Waokoaji waliobaki, hata hivyo, sina neno nao. Yuko mama mmoja wa makamo ambaye hakai kitini. Anatembea ukingoni polepole, filimbi mdomoni, kidole kikihesabu vichwa. Akifika mwisho anageuka na kuanza upya. Mtu akimsemesha anamjibu bila kuyaondoa macho majini.

Kama wewe ni mtu mzima na hujui kuogelea, hizi ndizo wiki zako. Upande wa kina kifupi hauna watoto wanaorukiana, hakuna anayekutazama, na maji bado yana joto la kukuwezesha kukaa ndani ukijifunza kuelea bila kutetemeka. Nenda asubuhi katikati ya wiki, na uwaulize wahudumu tarehe ya kufunga msimu. Waulize ana kwa ana, tena zaidi ya mmoja.