Nilimlipia mtoto jujitsu, nikaishia kuanguka mimi

Pesa ya jujitsu, mchezo wa kupigana wa Kijapani, niliilipa kwa ajili ya mtoto wangu wa miaka 11. Akaenda mara mbili, ya tatu akasema tumbo linamuuma. Ya nne, tumbo lile lile. Dola 10 za mwezi zilikwisha kuandikwa kwenye daftari la klabu na pale harudishiwi mtu kitu, basi nikamwuliza mwalimu kama mama mtu anaweza kuchukua nafasi. Akacheka. "Mama, njoo tu, ila hereni uziache nyumbani."

Ndivyo nilivyoanza, mshonaji wa vikwembe, yaani vitenge, wa hapa Bukavu, kwenye ukumbi wa kuazima huko Kadutu, mara tatu kwa wiki saa kumi jioni. Jina la klabu sitalitaja, maana nina ya kusifu na ya kulalamikia.

Wiki tatu za kwanza kazi ilikuwa kuanguka tu. Wanaita ukemi. Unachuchumaa, kidevu unakibana kifuani, macho kwenye fundo la mkanda, unajiachia nyuma. Mgongo ukifika kwenye tatami, mikeka ya mazoezi, mikono yote miwili inapiga chini kwa pamoja, viganja vikiangalia chini, mbali kidogo na mbavu lakini isifike usawa wa mabega. Mikono ikipiga hivyo, kishindo kinagawanyika, hakiishii kwenye mfupa mmoja. Asiyefundishwa hutanguliza mkono mmoja kujizuia, na hapo ndipo kifundo kinapovunjika. Kidevu usikisahau. Mimi nilikisahau siku ya pili, kisogo kikapokea, nikaona vimulimuli na jua bado linawaka.

Nilinung'unika sana. Nilitaka kujua kumwangusha mtu, kumbe nalipa dola 10 kujiangusha mwenyewe.

Wiki ya nne ndipo tukaanza kushikana. Mtu akikukamata kifundo cha mkono, usivute ovyo. Tazama dole gumba lake liko wapi. Pale linapokutana na vidole vingine ndipo penye mlango, unageuza mkono upande huo na kuchomoka huku kiwiko kikimwendea yeye. Kijana mmoja anayebeba mizigo sokoni alinishika mara tano. Nne nilitoka. Ya tano akatumia mikono miwili, mwalimu akasema hilo ni somo la mwezi mwingine.

Osoto gari, yaani kumwangusha mtu kwa kumfagia mguu, ilinichukua muda zaidi. Unamvuta mwenzio mpaka uzito wake ulalie kisigino kimoja, ndipo unapitisha mguu wako nyuma ya huo wake na kuufagia. Ukifagia kabla kisigino hakijalemewa, ni sawa na kupiga mgomba teke. Mwalimu anasema ndiyo maana ya "ju", ulaini: akikusukuma unamfuata, hushindani naye. Yeye mwenyewe ametokea kwenye judo, ambayo Jigoro Kano aliichonga kutoka jujitsu kule Japani mwaka 1882, na vijana wa klabu hawamalizi siku bila kuwataja Popole Misenga na Yolande Mabika, Wakongomani waliocheza judo wakiwa ndani ya timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016.

Kuna pia zoezi la kutoka chini ya mtu aliyekulalia: unalala ubavu, unakunja magoti, unasukuma makalio nyuma. Linaitwa ebi, yaani kamba wa baharini. Sisi tusio na bahari tuliona ni sambaza, kisamaki cha Ziwa Kivu, anayerukaruka ndani ya beseni.

Sasa malalamiko. Tatami hazikazwi vizuri, zinaachana katikati ya zoezi na kidole cha mguu kinaingia kwenye ufa. Kimono, nguo za mazoezi, za kuazimwa zinanuka jasho la watu watatu. Nilipoichunguza moja kwa jicho la fundi nikaelewa kwa nini ni ghali: kitambaa kimefumwa kama punje za mchele, mabega yana tabaka mbili, ukosi umepigwa mistari ya uzi kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikajishonea yangu kwa turubai ya pamba. Kwapa la kulia likachanika siku ile ile.

Kubwa zaidi: ukibanwa kiungo unampiga mwenzio kofi dogo mara mbili, naye anaachia. Kijana mmoja alichelewa kuniachia kwenye juji gatame, mbano wa kunyoosha kiwiko. Kiwiko kiliuma wiki nzima, gurudumu la cherehani nikalizungusha kwa mkono wa kushoto. Mwalimu alimkalisha pembeni siku hiyo tu. Mimi ningemkalisha mwezi.

Halafu ikaja mvua ya Novemba. Nateremka Kadutu na vikwembe vya mteja begani, miguu yote miwili ikaniponyoka kwenye tope. Kidevu kiliingia kifuani chenyewe, mikono ikapiga. Mgongo salama, kichwa salama. Ila tope la Bukavu lina kokoto na tatami haina, viganja vilichubuka vyote, na vikwembe nilivifua usiku huo. Mtoto akaniuliza kama ndivyo tunavyofundishwa.

Kwa wanaoanza wenye subira, klabu inafaa. Kateni kucha, fikeni mapema mpate tatami za upande wa dirishani, ambazo hazijachoka sana, na mwulizeni mwalimu mtafanya na nani kabla hamjafika kwenye kubana viwiko. Mimi ada ya mwezi wangu wa nne klabuni nimeshalipa. Kwapa la kimono nimelishona upya, safari hii kwa mishono mitatu.