Riwaya ya baba wa kambo: nimeisoma mara mbili

Niliinunua kwa shilingi 15,000, nikaisomea hapa Uyole, Mbeya, mwezi Julai, baridi ile inayotukusanya jikoni kabla jua halijazama. Ni riwaya tulivu. Hakuna mauaji wala ugomvi wa urithi. Mwanamke mtu mzima anapanda treni ya TAZARA kumtafuta mwanamume aliyeishi na mama yake miaka saba, kisha wakaachana. Basi.

Kilichonishika ni salamu. Utotoni alimwita "anko", ndivyo mama alivyomwelekeza. Sasa ana miaka arobaini, anakwenda kusimama mbele ya mzee, na hawezi kusema lolote kabla hajamwamkia. Shikamoo nani? Anko ni neno la mtoto. Mzee ni neno la stendi, hata konda humwita hivyo abiria asiyemjua. Baba linamtisha, maana baba yake mzazi yu hai na hajamkosea kitu. Treni inapanda kutoka Mlimba kwenda Makambako, inaingia handaki na kutoka, na kila giza likifunga anajaribu neno jingine kimoyomoyo. Aliyewahi kupita njia hiyo ataitambua: mahandaki na madaraja yamejaa pale hasa, reli inapokwea kutoka bonde la Kilombero kuja huku kwetu nyanda za juu.

Mimi nililelewa na baba wa kambo, seremala wa Mafinga, tangu darasa la pili hadi la saba. Alipoachana na mama, wazee walikaa kikao wakagawa vyombo na mabati. Mtoto wa damu angegombewa. Mimi nilifungiwa nguo zangu kwenye mfuko, tukapanda basi la Mbeya. Hakuna aliyefikiri kwamba na mimi nilikuwa nimeachwa. Katika riwaya, baiskeli ya yule mtoto inabaki nyumbani kwa mwanamume, na mama anasema, "Tutanunua nyingine." Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje.

Hadithi tulizosimuliwa zina mama wa kambo mchawi au mnyimi. Baba wa kambo hata hatajwi. Kwa hilo tu mwandishi namshukuru sana.

Kasoro zipo. Sura ya barua ni ndefu mno, na barua zote zinasikika kama zimeandikwa na karani mmoja. Mzee wa Kihehe anasema "kamwene", salamu ya kwao, mara moja, halafu mpaka mwisho anaongea Kiswahili cha taarifa ya habari. Maandishi ni madogo, na gundi ya nakala yangu imeachia kurasa za mwisho.

Neno analolichagua sitalitoboa. Mzee anaitika marahaba, anamtazama kidogo, kisha anakwenda kuongeza maji kwenye sufuria ya ugali. Sijasoma mapokezi mazuri kuliko hayo.

Naipa nyota nne. Anayependa visa vya haraka ataichoka, ila aliyewahi kuitwa mtoto wa kambo asiikose. Namba ya yule seremala nimeipata kwa fundi mwenzake; sijapiga bado. Kitabu kiko kwa mama. Alikiomba mwenyewe, na hajaniambia amefika wapi.