Kingmaker ya Avalon Hill: mchezo ambao mfalme hana askari hata mmoja

Anayefungua boksi hili akidhani atacheza kama wafalme wa Uingereza Henry VI au Edward IV atashangaa. Kingmaker, mchezo wa mezani wa Vita vya Waridi (vita vya karne ya 15 vya kugombea taji la Uingereza kati ya koo za Lancaster na York) uliobuniwa na Andrew McNeil, ulitoka kwanza Uingereza mwaka 1974, na miaka miwili baadaye kampuni ya Avalon Hill ikautoa Marekani. Humo hakuna mchezaji anayekuwa mfalme. Kila mmoja anashika kundi la makabaila, Neville, Percy, Mowbray, Stafford na wenzao, na watu wa damu ya kifalme, yaani warithi wa taji, ni vipande 7 vya kadibodi vinavyokamatwa, kuhamishwa na, ikibidi, kuuawa. Hawana jeshi. Anayewashika ndiye mwenye neno.

Hapo ndipo mchezo umeipatia historia kuliko michezo mingi yenye kanuni nzito zaidi. Richard Neville, Earl wa Warwick, alimkamata Henry VI pale Northampton Julai 1460 akawa anatawala kwa jina lake. Mwaka uliofuata akamsimamisha Edward IV. Mwaka 1469 akamteka Edward huyohuyo, na 1470 akamtoa Henry kwenye Mnara wa London na kumrudisha kwenye kiti, mpaka alipouawa Barnet tarehe 14 Aprili 1471. Mtu mmoja, wafalme wawili, na wote wawili walipita mikononi mwake kama mateka.

Zamu yenyewe ni rahisi. Unafunua kadi ya tukio, unasogeza watu wako, unapigana ukitaka, kisha unachukua kadi ya taji. Kadi za taji ndizo zinazoleta makabaila wapya, vyeo, maaskofu, miji, meli na mamluki. Kosa la wanaoanza ni kumwaga kila kitu mezani mara tu wanapokipata. Zuia mkononi kiasi: jirani asiyejua una askari wangapi atasita kukuvamia. Kumbuka pia kwamba vyeo vikubwa vya serikali hupewa kabaila ambaye tayari ni Earl au Duke. Ukiwa na watu wasio na heshima hiyo, tafuta kwanza kadi ya kuwapandisha, la sivyo cheo cha Marshali kitakaa mkononi bila kazi.

Kutawaza mrithi kunataka kanisa kuu na askofu mkuu mmoja, au maaskofu wawili. Mrithi awe ndiye mkubwa aliyebaki katika ukoo wake: kwa York anaanza Richard, Duke wa York, kisha Edward wa March, George wa Clarence, na mwisho Richard wa Gloucester. Ukimshika Gloucester mapema umeshika mtoto wa mwisho, na thamani yake inategemea vifo vya kaka zake. Ndiyo maana katika mchezo huu kuna wakati utamwinda mtu wa ukoo uleule unaodai kuutetea. Rutland, aliyeuawa Wakefield pamoja na baba yake Desemba 1460, hayumo kabisa. Henry Tudor naye hayumo, na kwangu hilo ni jambo jema, maana Bosworth ya 1485, vita vilivyompa taji, haikunyemelei kama hatima. Clarence kuwa mfalme? Hapa linawezekana kabisa, na halihitaji kanuni ya ziada.

Kinachowakera watu ni tauni. Kadi inataja miji, na kila kabaila na kila mrithi aliyemo anakufa papo hapo, hakuna kujitetea. Mchezaji aliyelundika kundi lake lote ndani ya mji mmoja anaweza kutoka mezani kwa kadi moja. Dawa ni kuwatawanya: mrithi abaki na kabaila mmoja au wawili, jeshi kubwa lilale nje ya mji. Ila huko nje ndiko adui anakofika kirahisi, kwa hiyo hutapata usalama wa pande zote. Wapo wanaoifuta tauni kwa makubaliano. Siwashauri, kwani bila hiyo kila mtu hujifungia mjini na hakuna anayetoka.

Kinachosaidia zaidi kuvunja mkwamo ni uvamizi na maasi. Kadi inamwita mwenye cheo fulani aende mahali fulani: Waskoti wakivuka mpaka, Mlinzi wa Mipaka ya Kaskazini lazima aelekee huko, hata kama alikuwa hatua moja kutoka kumkamata malkia. Cheo kinachokupa askari wengi ndicho kinachokuchomoa vitani kwa wakati mbaya. Kabla ya kukabidhi cheo, tazama mwenye nacho atapelekwa wapi, usimpe yule anayemlinda mrithi wako.

Vita havina kete za kurusha. Mnajumlisha askari, mnafunua kadi ya tukio, na kadi inataja uwiano unaotakiwa ili upande mkubwa ushinde, pamoja na majina ya makabaila wanaokufa. Majina hayo hayaangalii upande. Unaweza kushinda na ukampoteza Percy wako, na vyeo vyake vikarudi hazina ya serikali kusubiri Bunge livigawe upya.

Udhaifu wake mkubwa ni mwisho. Ushindi unataka mfalme wako abaki peke yake, na mchezaji aliyebanwa akimpakia mrithi wa mwisho melini, mnaweza kukimbizana baharini saa nzima. Wekeni saa ya kumaliza kabla ya kuanza, na mkubaliane nani atahesabiwa mshindi ikifika. Boksi linaruhusu hadi wachezaji 7, lakini wanne au watano ndio wanaofaa. Wakiwa wawili hakuna wa kupatana naye wala wa kumsaliti, na mchezo unabaki kufukuzana tu.

Kampuni ya Gibsons ilitoa toleo jipya mwaka 2023. Ukinunua la zamani la Avalon Hill mkononi mwa mtu, usihangaike na kona za boksi. Hesabu vile vipande 7 vya warithi, kisha linganisha rundo la kadi za matukio na orodha, maana ndilo linaloamua vita na tauni, na kadi zikipungua humo mizani yote inayumba.